Somo: Hesabu mashina kabla ya kulaumu mbolea

Ndugu wakulima wa mahindi, ekari ikitoa magunia manane, lawama ya kwanza huiangukia mbolea. Pengine ni ya haki, lakini katika mashamba mengi niliyoyakagua huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasara ilianza mapema zaidi. Tukague kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Idadi ya mimea. Chukua futi kamba, pima mita 10 kwenye mstari mmoja, kisha hesabu mahindi yaliyosimama. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, unapaswa kukuta mimea 33, na ekari nzima iwe na mimea inayokaribia 18,000. Rudia sehemu tano, bila kuchagua palipostawi. Ikiwa kila mmea utatoa punje za gramu 150, hayo ni magunia 27 ya kilo 100. Ukikuta mimea 20 badala ya 33, ekari ina mimea kama 11,000, yaani magunia 16 na nusu. Na ijapokuwa mimea iliyobaki hunenepa kidogo kwa kupata nafasi, haiwezi kufidia pengo lote. Pandia kamba yenye vifundo, na urudishie mbegu mara tu mapengo yanapoonekana.

Hatua ya 2: Mbegu. Mbegu chotara, yaani iliyozalishwa kwa kuchanganya aina tofauti, mavuno yake hayarudiwi kuwa mbegu, kwa sababu kizazi chake cha pili hakilingani na nguvu yake hupungua. Asiyemudu kuinunua kila mwaka apande aina ya uchavushaji huria, yaani inayochavushana yenyewe shambani, kama Staha au Situka, ambayo huweza kurudiwa misimu miwili au mitatu.

Hatua ya 3: Palizi na nguvu kazi. Magugu hudhuru zaidi katika wiki za mwanzo, wakati ambao ghala za wengi zimekwisha. Mama mwenye jembe la mkono hulazimika kwenda kibarua kwenye shamba la jirani ili watoto wale, na anaporudi kwake wiki ya tano, mahindi yamekwisha kuwa ya njano katikati ya magugu. Hakukosa elimu, alikosa debe mbili za mahindi mwezi Januari. Ushauri wowote wa kilimo usiolitazama jambo hili naona haujakamilika, na ndiyo maana nahimiza vikundi vya kupalilia kwa zamu na akiba ya chakula inayowekwa tangu siku ya mavuno.

Hatua ya 4: Udongo, kisha mbolea. Pima udongo. Pale pH, kipimo cha uchachu wa udongo, inaposhuka chini ya 5.5 (udongo umekuwa mchachu), sehemu kubwa ya fosforasi unayoinunua hushikwa na udongo, mmea usiipate. Hapo chokaa ya kupunguza uchachu huitangulia mbolea.

Maswali ya washiriki

*Mwalimu, shikamoo. Nilimwaga urea juu ya ardhi, mvua ikachelewa siku sita, na mahindi hayakubadilika rangi. Je, nilipewa mbolea bandia?*

Marahaba. Si lazima iwe bandia. Urea ikiachwa juu, sehemu ya naitrojeni hugeuka amonia na kupotelea hewani. Subiri udongo uwe na unyevu, iweke kando ya shina bila kuligusa, kisha ifukie.

*Viwavijeshi vamizi nitavitambuaje mapema?*

Tangu viingie nchini mwaka 2017 havijaondoka, kwa hiyo kagua kila wiki. Tazama moyo wa mahindi, yaani majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea: ukiona mabaka yanayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha kwenye majani na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, kiwavi yumo. Piga dawa iliyosajiliwa asubuhi au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, ukielekeza kwenye moyo wa mmea.

*Nina ekari tatu na mifuko miwili tu ya mbolea. Nitawanye kote?*

Hapana. Pima kwanza ni ekari ngapi familia yako inaweza kupalilia kwa wakati. Ikiwa ni moja, panda hapo mahindi kwa kamba na uipe mifuko yote miwili ya mbolea, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwingine weka maharage kwa kadiri ya mbegu na nguvu ulizonazo.