Polipu kubwa ya utumbo mpana: namna ya kuitoa, na wakati wa kuiacha

Jana nilimsimamia daktari kijana akimtolea mgonjwa, kwa kolonoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa), polipu ya milimita 30, yaani kinyama kilichoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa kubwa hivyo. Haya ndiyo niliyokuwa nikimwambia.

Hatua ya 1. Utumbo uwe msafi, dawa za kuzuia damu kuganda ziwe zimeshaulizwa, na gesi ya kupanulia utumbo iwe kaboni dioksidi.

Hatua ya 2: Angalia. Hapa usikimbie. Osha ute, washa mwanga wa NBI (mwanga maalumu wa kamera unaodhihirisha mishipa ya damu), sogea mpaka uone vishimo na mishipa ya uso wa polipu. Vikiwa na mpangilio, endelea. Ukikuta mahali vishimo vimefutika, mishipa imekatikakatika, au katikati pamebonyea kama unga uliobonyezwa kidole gumba, weka chini kitanzi (waya wa kukatia polipu): huenda saratani imeshazama. Ikipita mikromita 1,000 chini ya utando, hatari ya kufika kwenye tezi za limfu hupanda, na mgonjwa anapaswa kuongea na daktari mpasuaji. Mimi huiogopa zaidi polipu bapa yenye uso laini kuliko pana yenye vinundu vidogo vilivyolingana.

Na nakuomba sana, usinyofoe vipande vya kupima kwenye polipu bapa unayotaka kuitoa au kumpelekea mwenzako. Nilipokea mgonjwa aliyenyofolewa mara sita. Nilipochoma sindano ya maji chini ya polipu ili iinuke, pembeni pakainuka, katikati pakang'ang'ania chini. Nilihangaika karibu saa tatu. Lilikuwa kovu tu, lakini saratani nayo hukataa kuinuka vivyo hivyo. Wino wa alama pia ukae mbali, sentimita 3 hivi, kamwe usipite chini ya polipu.

Hatua ya 3: Inua. Maji ya chumvi yenye rangi ya methilini bluu yanafaa, ila hushuka upesi. Mimi napendelea Gelofusine, kimiminika cha jelatini.

Hatua ya 4: Kata. Anzia ukingoni, kila pande libebe milimita 2 au 3 za utando mzima, usiache visiwa. Kisha kagua kidonda: duara jeupe ndani ya bluu maana yake umegusa msuli. Funga kwa klipu (vibanio vidogo vya chuma) papo hapo.

Hatua ya 5: Unguza kingo zote kwa ncha ya kitanzi, umeme wa taratibu. Katika jaribio la Australia lililochapishwa 2019, polipu zilizorudi zilishuka kutoka 21% hadi 5%.

Hatua ya 6. Pande kubwa litandaze, libane kwa pini, ndipo litie kwenye fomalini. Mgonjwa arudi baada ya miezi 6. Mwambie damu inaweza kutoka hata siku ya 14, na umwandikie namba ya kupiga usiku.