Jinsi ya kumtambua Hestia katika sanaa ya Wagiriki wa kale

Poseidon, mungu wa bahari, hujulikana kwa mkuki wa meno matatu, Athena kwa kofia ya vita. Hestia, mungu wa kike wa meko na dada mkubwa wa Zeus mfalme wa miungu, hana alama iliyo yake peke yake. Kwa hiyo usianze na sura wala mavazi. Anza na maandishi.

Tafuta jina. Wachoraji wa vyombo vya udongo wa Athens mara nyingi waliandika majina karibu na vichwa vya wahusika. Kabla ya mwaka 403 KK, mji huo ulipopokea rasmi alfabeti ya Ionia (eneo la Wagiriki wa mashariki), alama H ilisomwa kama h yetu, basi utatafuta ΗΕΣΤΙΑ. Baadaye H haikusomwa tena hivyo, basi ni ΕΣΤΙΑ. Jaribu pia kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, maana mwandiko ulifuata upande anaoelekea mhusika. Kwenye vyombo vya michoro myekundu juu ya weusi jina liliandikwa kwa rangi nyekundu iliyoongezwa juu, nayo hufutika. Tumia picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, utaona pale ilipokuwa pamefifia kuliko weusi unaong'aa pembeni.

Zoeza macho kwa kazi zenye jina. Chombo cha mchoraji Sophilos kilichopo British Museum (karibu 580 KK) na kile kiitwacho cha François kilichopo Florence (karibu 570 KK) vinaonyesha harusi ya shujaa Peleus na Thetis, mungu wa kike wa bahari. Katika vyote viwili Hestia anatembea kwa miguu pamoja na Demeter, mungu wa kike wa nafaka, huku miungu wengine wakija kwa magari ya farasi. Kisha tazama kikombe cha mchoraji Oltos kule Tarquinia, Italia, cha karibu 510 KK: ameketi katika baraza la miungu mlimani Olympus, mbele ya Zeus, ameshika ua. Hiki ndicho cha kukaa nacho muda mrefu zaidi, kwa kuwa utulivu wake unaonekana wazi.

Ondoa wasiowezekana. Hestia aliapa kubaki bikira baada ya kuwakataa Poseidon na Apollo. Mwanamke mwenye mtoto au mume si yeye. Masuke ya ngano au mwenge humwelekea Demeter. Fimbo ya enzi na kiti kando ya Zeus ni dalili za Hera, mke wake. Ushungi kichwani hauthibitishi chochote, kwani Hera na Demeter nao huuvaa, na hata ua Aphrodite hulishika.

Sanamu ndizo zinazopotosha zaidi. Ile iitwayo Hestia Giustiniani, ya mkusanyo wa Torlonia mjini Roma, ni nakala ya marumaru ya enzi ya Warumi kutoka sanamu ya Kigiriki ya karne ya 5 KK: mwanamke mwenye ushungi, mkono wa kulia kiunoni, mikunjo ya vazi imenyooka chini kama nguzo. Haina maandishi, na wataalamu wengine humwona Hera au Demeter. Kwa kila sanamu uliza kwanza sehemu zipi ziliungwa upya, hasa mikono. Sanamu iitwayo umbo K, ya hekalu la Parthenon mjini Athens, nayo huitwa Hestia wakati mwingine, ingawa haina kichwa.

Usiishie zama hizo za kale tu. Pazia la sufu kutoka Misri, la karne ya 6 BK, lililoko Dumbarton Oaks, Washington, lina jina lake bila H, na watoto sita wanaobeba baraka zilizoandikwa, mojawapo utajiri. Sarafu zenye neno VESTA, jina la mungu wa kike wa meko wa Warumi, ni za Kirumi. Ziweke kundi jingine.

Wala usishangae kukosa picha kabisa. Pausanias, mwandishi msafiri wa Kigiriki wa kale, aliingia patakatifu pake mjini Hermione akakuta madhabahu tu, hakuna sanamu. Ukikosa jina na dalili nyingine, andika kwenye maelezo yako "mwanamke mwenye ushungi, huenda Hestia", kisha taja sababu.