Bomba linadondosha usiku na fumbo la maneno halijaisha, fanya hivi

Unaijua ile hali, saa sita usiku umelala chali simu usoni, fumbo la maneno limebakiza raundi mbili, af jikoni unasikia ti... ti... ti... Ukitega sikio ni kama limenyamaza, ukijisahau tu linaanza upya. Mi nimekaa na hiyo kitu wiki nzima kwa uvivu, kila siku nasema kesho ntaliangalia, kwaiyo nikikwambia cha kufanya jua nimeshakosa usingizi wa kutosha.

Usiku huo usiguse spana kabisa. Ukivunja kitu saa hizo utampigia nani? Kwanza ua kelele. Chukua uzi au kamba nyembamba, ifunge kwenye mdomo wa bomba, ncha iache ining'inie mpaka chini kwenye sinki, tone linateleza kimya kimya kwenye kamba wala halidondoki tena. Kama umekinga beseni ili maji yasipotee, tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye hayo maji. Usicheke, hii kuna watu walikaa wakaichunguza: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walirekodi matone kwa kamera ya kasi pamoja na maikrofoni, wakakuta ile ti haitoki kwenye tone kugonga maji, inatoka kwenye kiputo kidogo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji, kikitetemeka ndo unasikia. Sabuni inalegeza ule uso wa maji na sauti inakata. Nimejaribu, kweli inakata.

Haya, rudi kwenye fumbo lako. Naongelea haya ya herufi tano, majaribio sita, kijani herufi ipo mahali pake, njano ipo ila sio hapo, kijivu haipo. Tangu Wordle, fumbo la Kiingereza la aina hii alilotengeneza Josh Wardle, ivume mwishoni mwa 2021 watu wametengeneza za lugha nyingi tu, shida ni kwamba mtu anabeba mbinu za Kiingereza anakuja nazo kwenye Kiswahili anaumia bure. Kiswahili kina tabia zake. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, yaani kisanduku cha tano una uwezekano wa herufi tano tu kabla hata hujaanza. Q na X sahau. C haitembei peke yake, ikiwepo na h ipo nyuma yake. Na ukikuta M imekaa mwanzo jua herufi inayofuata inaweza kuwa konsonanti vilevile, mzigo, mboni, mguu, usilazimishe irabu hapo.

Mi naanza na KAULI halafu TEMBO, kila siku, sibadilishi. Hayo mawili yanamaliza irabu zote tano na hakuna herufi iliyojirudia, kwaiyo kwa majaribio mawili umeshakagua herufi kumi.

Juzi ikatokea hivi: KAULI ikanipa i ya njano tu, TEMBO ikanipa m ya njano na o ya kijani mwishoni. Nikakaa nikawaza, ukiacha maneno ya wingi kichwani nikabaki na manne, mzigo, mpigo, mwigo na shimo. Hapa ndo watu wanaungua, wanabahatisha moja moja, mzigo sio, mpigo sio, majaribio yanaisha hivi hivi. Mi nikaweka PWEZA. Najua kabisa pweza sio jibu, a na e zimeshakataliwa, lakini ndani yake kuna p, w na z kwa mkupuo. Z ikiwa njano ni mzigo, p ikiwa njano ni mpigo, w ikiwa kijani ni mwigo, zote kijivu ni shimo. Zikaja kijivu zote! Jaribio la nne nimemaliza, nikalala. Kuchoma jaribio moja kwa makusudi ni bora kuliko kubahatisha matatu, ila kama umewasha ile mode ngumu inayokulazimisha utumie herufi ulizopata basi hapo huna ujanja.

Asubuhi sasa, bomba. Kabla ya yote jua ni la aina gani. La kuzungusha mizunguko kadhaa ndo lifunge lina washa ndani, yaani kipande kidogo cha mpira cha duara kinachoziba maji, na hilo ndo naloelezea. La mkono mmoja wa kuinua, au linalofunga kwa robo mzunguko, mara nyingi lina katriji, yaani kipande kizima cha ndani kinachofungua na kufunga maji, hapo unabadilisha katriji nzima yenye umbo lile lile, usihangaike kutafuta washa. Halafu angalia maji yanatokea wapi. Yakidondoka mdomoni ni washa, yakitokea chini ya kishikio ukiwa umefungua bomba ni ule mpira wa mviringo kwenye shina, kile kijiti cha ndani kinachozungushwa na kishikio.

Funga koki ya chini ya sinki, kama haipo funga ya nyumba nzima, fungua bomba mpaka likauke. Sasa ZIBA TUNDU LA SINKI KWA KITAMBAA. Naandika kwa herufi kubwa sababu skrubu ya kishikio ni ndogo na inapenda kuteleza, yangu ilienda na maji na kishikio kikawa kinavaliwa kama kofia mwezi mzima. Toa kifuniko, toa skrubu, chomoa kishikio, kila kinachotoka kipige picha na simu kisha kipange kwa mstari. Kishikio kikigoma usikigonge na nyundo, kiwekee kitambaa kilicholowa siki ya moto moto, ukiache nusu saa, ile chokaa inayoachwa na maji italegea.

Ile nati kubwa inataka spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo (ndo jina lake, mi sijalitunga), nati izungushie kitambaa isichubuke, na mkono wa pili ushike mwili wa bomba kwa nguvu, la sivyo unageuza bomba zima na linavunja paipu ya ukutani na sasa una shida mbili. Shina likitoka, washa iko mwisho wake, imeshikwa na nati au skrubu ndogo. Ya zamani utaona ina mtaro wa duara umechimbika. Ndo mchawi wako huyo. Ibebe hiyo hiyo ukanunulie mfano, usiende na makadirio ya kidole. Na kama huwezi kupata leo na imekaa bapa pande zote mbili, igeuze, upande mzima utakusogeza siku chache.

Kabla ya kurudisha ingiza kidole ndani upapase pale washa inapokalia. Pakiwa na mkwaruzo washa mpya itakatika mapema, na hapo bora umwite fundi mwenye kifaa cha kusagia. Mafuta ya kujipaka usitie kwenye mpira, yanauvimbisha, tumia grisi ya silikoni. Rudisha kwa kufuata picha zako kinyumenyume, fungua koki taratibu huku bomba lako likiwa wazi kidogo hewa itoke, litakohoa kohoa kisha litatulia.

Funga kwa vidole tu, sio kwa bega. Weka tishu kavu chini ya mdomo wa bomba, nenda kacheze fumbo la leo, ukirudi iangalie.