"Umecheka wapi?" Namna ya kukusanya maoni ya wasomaji wa riwaya ya kuchekesha

Nimesoma prufu, yaani nakala za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, kwa miaka 14 katika ofisi ya uchapishaji hapa Dar es Salaam, na mwaka juzi nikamaliza kuandika riwaya fupi ya kuchekesha kuhusu kazi hiyohiyo: wahariri wanaogombania feni moja, mwandishi anayefika kila Ijumaa kuulizia mrabaha wake (fungu lake la mauzo ya kitabu), mlinzi aliyesoma miswada mingi kuliko meneja. Mswada ulipokamilika niliwapa wenzangu saba wa ofisini. Wote saba waliurudisha na maneno yaleyale: "Nzuri sana, hongera." Nilifurahi siku mbili, siku ya tatu nikaona sina hata mstari mmoja wa kurekebisha. Nikaanza upya na wasomaji wengine. Njia niliyoifuata mara ya pili ndiyo hii, na ninaitoa kwa moyo wote kwa sababu natamani kuona riwaya za kuchekesha za Kiswahili zikijaa madukani.

Kwanza, wasomaji. Wanane wanatosha, na kati yao wawili tu wawe wa ndani ya kazi unayoiandika. Mtu wa uchapishaji atacheka akisikia tu "prufu ya tano", maana anacheka yaliyompata mwenyewe. Huyo atakuambia kama umesema kweli. Kama kitabu kinachekesha au la, muulize asiyewahi kukanyaga ofisi hiyo. Mimi nilimpata fundi cherehani wa Magomeni, mwalimu wa sekondari wa Tanga, kijana anayeuza vitabu vya mitumba pale Posta, jirani wa bodaboda, binamu yangu wa Mombasa na shangazi yangu anayeishi Unguja.

Wape karatasi. Nenda steshenari, chapa kwa herufi za ukubwa wa 12, acha nafasi mbili kati ya mistari na pambizo pana, kisha mpe kila mtu penseli na maelekezo mawili tu: weka alama ya vema palipokuchekesha, na piga mstari pale ulipouweka mswada chini ukaenda kufanya jambo jingine, hata kama ni kuepua chungu. Tahajia wasiiguse. Sisitiza hilo, hasa kwa walimu. Yule wa Tanga nilimwomba mara mbili, na bado alinirudishia kurasa tatu za kwanza zikiwa zimesahihishwa mpaka nukta.

Angalau msomaji mmoja akusomee kwa sauti ukiwa umekaa karibu naye. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya pengine pote. Katika sura ya nne ya riwaya yangu, msoma prufu amebaki ofisini peke yake usiku, kitabu cha sherehe za wizara kinakwenda kiwandani asubuhi, ndipo anaona sentensi hii: "Mgeni rasmi alipokewa kwa vifo na nderemo." Herufi mbili zimeanguka kwenye "vifijo", na wahariri wanne wamekwisha kuipitisha. Shangazi alikuwa barazani kwake, mswada mapajani. Alisoma sentensi, akanyamaza, akarudi mwanzo wake akaisoma tena polepole, kisha akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa pindo la kanga. Akaendelea. Chini yake nilikuwa nimeweka sentensi tatu za kueleza kosa ni lipi, neno sahihi ni lipi, na kwa nini ni jambo zito. Kicheko kilizimika palepale. Akanitazama: "Mwanangu, mbona unanieleza nilichokwisha kukicheka?"

Nilizifuta sentensi zote tatu jioni ileile. Penseli isingeniambia hilo, kwa sababu kwenye karatasi angeweka vema moja tu na mimi ningedhani ni kwa ajili ya maelezo yangu.

Ukishakusanya miswada, kaeni mzungumze. Usiulize "Umeionaje?" Kwetu mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo usoni atajibu "nzuri", na hana kosa. Uliza maswali haya: Umecheka wapi? Uliuweka chini wapi? Kuna kisa chochote ulichomsimulia mtu mwingine? Kama kipo, mwombe akusimulie wewe pia, kama alivyomsimulia yule. Hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Jirani yangu wa bodaboda alikuwa amewasimulia wenzake kijiweni habari za yule mwandishi wa kila Ijumaa, na katika masimulizi yake mwandishi anakuja na chupa ya chai, anajimiminia, anakaa. Mimi sikuandika chupa ya chai. Nilimwomba ruhusa nikaiingiza, na shukrani zake zimo mwanzoni mwa kitabu.

Anapozungumza, usijitetee. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, sema asante, basi. Ukianza kufafanua "hapo nilimaanisha hivi", anayefuata hutamsikia akisema ukweli, kwa kuwa habari husambaa.

Kisha chukua kaunta buku, chora safu nane, upande wa kushoto andika namba za kurasa, na uhamishe kila vema na kila mstari. Ukurasa wenye vema tatu au zaidi uache ulivyo. Wenye mistari miwili au zaidi uandike upya. Daftari langu lilinionyesha kwamba kuanzia ukurasa wa 60 hadi wa 74 hakukuwa na vema hata moja. Zilikuwa kurasa za vikao vya kusubiri ithibati ya vitabu vya kiada, yaani kibali cha kutumika shuleni, ambavyo vilituumiza sana ofisini, nami nilitaka kila mtu ajue. Kurasa 15 zikawa nne.

Palipo na vema za watu wa ndani peke yao, usifute, tafuta kilichopungua. Nina kisa cha kitabu kinachotoka kiwandani kikiwa kimerudia kurasa: unafika ukurasa wa 32, unafunua unakuta wa 17 tena, halafu unarukia wa 49. Kilinipata kweli, kwa kiwanda ambacho sitakitaja, na wenzangu wawili wa kazi walikiwekea vema kubwa. Wasomaji wanne wa nje waliandika pembeni: "Haiwezekani." Hawakujua kwamba karatasi kubwa ikichapwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na kitabu ni mafungu ya namna hiyo yaliyokusanywa kwa mpangilio. Mkono ukiokota fungu moja mara mbili na kuruka linalofuata, kosa limekamilika. Sikuandika maelezo hayo. Niliongeza nusu ukurasa kabla yake: kijana anazunguka meza akiokota mafungu, mtu anamwita mlangoni, anageuka, anarudi, mkono unatua palepale ulipokuwa. Waliofuata kusoma walianza kucheka kabla meneja hajafungua sanduku.

Maoni yanayohusu lugha na makabila yanataka utulivu zaidi. Binamu wa Mombasa aliweka vema mahali nisipotania kabisa: mhasibu analalamika kwamba nyanya zimekuwa ghali, na yeye nyumbani anaita bibi yake nyanya. Shangazi naye akasema Unguja hizo ni tungule. Sikubadilisha, mhasibu ni mtu wa Dar na anasema kama watu wa Dar. Ila kama mzaha wenyewe ungekuwa umening'inia kwenye neno hilo, ningetafuta jingine.

Zito zaidi lilikuwa la mlinzi. Ni Mnyamwezi, mhasibu ni Mzaramo kama mimi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu enzi za misafara. Nilimfanya mhasibu amtanie mpaka msibani, kama watani wafanyavyo. Mwalimu wa Tanga alipiga mstari akaandika: "Mbona mnamdharau mlinzi?" Nililiwaza siku kadhaa. Alikuwa na haki, kwa sababu katika mswada wangu mlinzi alinyamaza tu, na utani una pande mbili. Nikampa zamu yake: anakalia kiti cha mhasibu na kugoma kuondoka mpaka alipwe faini. Ukiandika utani, hakikisha wote wawili wanasema, vinginevyo asiyejua mila hiyo ataona dharau, na sidhani atakuwa amekosea.

Yapo maoni nitakayokushauri uyakatae. Mwenzangu mmoja wa ofisini alitaka niondoe suala lote la mrabaha, akihofu litawaudhi wachapishaji. Nimewaona waandishi wazee wakipanda ngazi zetu na bahasha mkononi, wakishuka nayo vilevile. Liko, na litabaki.

Mzunguko wa pili fanya na watu wapya, na ufanye kabla hujaupeleka mswada kwa mchapishaji au kwenye mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Fundi cherehani wangu alijitolea kusoma tena, na kwenye "vifo na nderemo" alikokuwa ameweka vema tatu mara ya kwanza, sasa hakuweka hata moja. Alikwisha kuijua.

Kwa hiyo nilimpa dada anayeuza kwenye duka la dawa mtaani kwetu, nusu ya kwanza tu, kwa kuwa steshenari waliishiwa wino. Alinipigia simu saa nne usiku. Hakunisalimia, aliuliza tu: "Huyu wa chupa ya chai, walimlipa?" Asubuhi nilikuwa steshenari kabla hawajafungua.