Jinsi ya kwenda ufukweni Kigoma na watoto wadogo bila kurudi umechoka kuliko ulivyoenda

Sisi tunakaa Tabora, watoto watatu, mkubwa ana miaka saba, wa kati minne, na kitinda mimba alikuwa ndo anatimiza mwaka na nusu tulipoenda Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, mara ya kwanza. Tulifata zile sehemu za ufukweni zinazojitangaza kwa mambo ya welnesi, yaani masaji, yoga alfajiri, juisi za matunda, ukimya, tivii hamna. Mama watoto alikuwa katumiwa picha na wifi yake, kitanda cheupe, ziwa la bluu kwa nyuma, mtu kalala kifudifudi kafumba macho, akanionyesha akasema mi nataka hiki. Haya, tukaenda siku nne, tukarudi hoi kama watu waliotoka kuchuma tumbaku. Mara ya pili tulijipanga na ikawa kitu kingine kabisa, kwa hiyo ninachoandika hapa kimetoka kwenye makosa ya ile mara ya kwanza.

Kosa kubwa lilikuwa hili, tulidhani tutapumzika wote wawili kwa pamoja. Ukiwa na watoto wa umri huo hicho kitu hakipo, sahau. Kupumzika ni kwa zamu, na zamu zipangwe kabla hamjatoka nyumbani, sio mnafika pale mnaanza kutegeana na kununiana mbele ya wageni wengine waliokuja kutafuta amani. Sisi sasa hivi tunafanya hivi: alfajiri ni ya mama watoto, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili yuko huru, aende yoga, alale, akae juu ya jiwe aangalie ziwa, simuulizi. Watoto wote watatu ni wangu mpaka chai. Jioni kuanzia saa kumi tunabadilishana. Katikati hapo tunakuwa wote, na kitinda mimba akilala mchana mmoja analala naye, mwingine anakuwa na wale wakubwa. Haina romansi sana lakini kila mtu anapata masaa mawili ya kwake kila siku, na masaa mawili ya uhakika ni bora kuliko siku nzima ya kuitwa mama mama kila dakika.

Halafu masaji. Usimfanyie mtoto sapraizi. Ile mara ya kwanza kibanda cha masaji kilikuwa na mapazia tu, na wa kati akanichomoka akaenda kuchungulia, akakuta mama yake kalala chini na dada mmoja kamkalia karibu anamgonga mgongo kwa ubavu wa viganja, tap tap tap. Alipiga ukunga! "Mama anapigwaaa!" Akamrukia yule dada miguuni akamng'ata. Wageni wakatoka vyumbani, mapumziko yakaishia hapo, na nilitoa pole na elfu kumi juu. Safari ya pili tulimuelezea mapema, na yule dada wa masaji (alikuwa mwingine) akamkanda kidogo mikono kwa mafuta ya nazi, basi akaondoka anajiona mkubwa. Kibanda kiwe mbali na chumba chenu, hilo nalo ulizia.

Kuulizia kwenyewe ufanye kwa sauti au WhatsApp, usiamini picha peke yake. Picha nyingi zimepigwa siku ziwa limependeza na nyasi zimekatwa. Mi naomba wanitumie video fupi ya ufukwe waliyopiga leo hiyo hiyo, anayekataa kupiga video ya nusu dakika nshamjua. Hafu nauliza: ufukwe ni mchanga au mawe, kuna matete karibu na pale watu wanapoogelea, vyandarua vinafunika kitanda cha mtoto pia, ngazi ngapi kutoka chumbani mpaka majini (Kigoma ni milima inayodondokea ziwani, kuna sehemu ngazi zinakuua na mtoto mgongoni), umeme ukikatika jenereta inawashwa, mtoto wa miaka minne analipiwa bei gani. Na swali la mwisho ambalo watu wanaona aibu kuuliza, je mnapokea watoto kweli au mnavumilia tu? Kuna sehemu wanapokea hela yako ila kila mtoto akicheka meneja anakuja na tabasamu la kubana. Huko usiende, hata kama masaji ni ya bure.

Msimu. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi, mvua hamna, na likizo ya Juni inaangukia humo. Upepo wa kusini unaweza kuwa mkali miezi hiyo na mawimbi yakawa ya kweli kweli, watu wa bara tunadhani ziwa ni bwawa kubwa. Desemba watoto wako likizo lakini ndo mvua, na radi za ziwa hili sio za mchezo. Ukisikia ngurumo hata ya mbali wote nje ya maji, usisubiri uone.

Kutoka Tabora sisi tulienda na treni, watoto wanaipenda mno, kulala kwenye behewa ni sehemu ya likizo yenyewe, kila stesheni wanataka kununua karanga na mihogo dirishani. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, ndo maana wenyewe mji wao wanauita mwisho wa reli. Chukua daraja la kulala, beba maji ya kutosha, shuka, tochi, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya haja ndogo ya usiku, utanishukuru. Kwa gari unapita Urambo, Kaliua, Uvinza, ni haraka zaidi ila mtoto anayetapika ni mtoto anayetapika.

Sasa ziwa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ya hatari na ndo sehemu tamu.

Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, mita 1,470 pale penye kina zaidi. Sio kwamba mtoto wako atafika huko, ila maana yake kwako ni kwamba kuna sehemu unatembea maji ya magotini, hatua mbili mbele hamna chini. Hasa penye mawe. Kwa hiyo siku ya kwanza kabla mtoto hajalowesha kidole, ingia mwenyewe, tembea kulia na kushoto, jua chini pakoje, hafu weka mpaka. Mimi nilichomeka vijiti viwili mchangani, nikawaambia katikati ya vijiti hivi ndo ziwa letu, huko kwingine ni la wavuvi. Walielewa kuliko ningehubiri nusu saa.

Mtu mmoja mzima anakuwa mlinzi wa maji, na mlinzi hashiki simu. Mtoto akizama hapigi kelele kama kwenye sinema, anazama kimya, na anayejua kusoma maji anakwambia hivyo hivyo. Wa mwaka na nusu hata maji ya magotini yanatosha kumzamisha, kwa hiyo awe umbali wa mkono wako. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi na maringi ya bata usiyaamini, yanatoka, na upepo ukigeuka ringi linaanza safari ya kwenda Kongo na mtu ndani. Laifu jaketi ya saizi ya mtoto ndo kitu, na mkipanda boti kila mmoja avae, hata kama mwenye boti anakucheka. Kama hana za watoto, hampandi. Basi.

Kingine ni kichocho. Kipo ziwani, na anayekwambia hakipo anauza chumba. Kinaenezwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na makazi ya watu, na vinapita kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu, hauhitaji kunywa maji. Kwa hiyo chagua mchanga wazi wenye mawimbi, kaa mbali na matete, mbali na midomo ya mito na sehemu watu wanapofulia. Midomo ya mito ina sababu nyingine pia, mamba. Muulize mvuvi, sio mtu wa mapokezi. Mi kila nikifika namtafuta mzee mmoja anayeshona nyavu, namsalimia shikamoo vizuri, nakaa chini, hafu ndo nauliza, mzee wangu hapa watoto wanaoga? Ile safari ya pili mzee alinyanyua kidevu tu upande wa kushoto akasema "kule muoge, huku kwenye matete hata mimi siogi". Maelezo yote yalikuwa hayo na yalitosha.

Mkitoka majini wakaushe kwa taulo palepale, inasaidia kidogo ila sio kinga. Jua nalo lisikuzubaishe, kuanzia saa nne mpaka saa kumi wawe kivulini au wavae tisheti na kofia hata wakiwa majini. Ngozi nyeusi nayo inaungua jamani, wa kwangu wa kati alibabuka mabega.

Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, na hapo wanunulie miwani ya kuogelea ya bei rahisi. Maji ya Tanganyika ni maangavu, kwenye mawe unaona samaki wadogo wa mistari, wa njano, wa bluu, wengi wao hawapatikani kokote duniani isipokuwa humu. Mkubwa wangu alilala kifudifudi kwenye maji ya mapajani uso ndani, mimi nimemshika kiuno, karibu nusu saa hajasema neno. Huyu ambaye nyumbani hanyamazi! Nikawaza hii ndo yoga yake.

Chakula. Sehemu za namna hii hazina haraka, chakula kinaweza kuchukua saa moja na nusu, na wana menyu ya saladi na mbegu mbegu. Agiza cha mchana wakati mnamaliza chai, taja na saa mnayotaka kula. Ongea na jikoni wenyewe kwa heshima, watapika ugali, samaki mchemsho asiye na pilipili, ndizi. Kwa samaki wa ziwa hili, mgebuka wa kuchoma ndo mwenyewe, ila wa mtoto mdogo mchambue kwa vidole vyako miba yote. Kuhe, samaki mwingine wa humu, ukimpata usiulize bei, kula. Beba pakti za ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha), kipimajoto, na uji wa kitinda mimba, na usiache kitu cha kuliwa kibarazani. Sisi tumbili alishuka kwenye paa, akachukua chapati mkononi mwa mtoto, akaichana katikati, kipande kimoja akakiangusha, kingine akaondoka nacho anakula taratibu anatuangalia. Mtoto alilia chapati, mimi nilikuwa nafikiria kucha.

Jioni mikono mirefu na suruali kabla mbu hawajaanza, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Malaria huku kwetu tunaijua wote, mtoto akichemka mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, usimalizie likizo kwanza.

Usiku kama mwezi haujajaa watoeni nje kidogo kabla ya kulala. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa, mamia ya taa, na wa kati aliuliza baba ule mji unaitwaje. Nikamwambia ule mji asubuhi haupo. Alikataa, mpaka alfajiri akaamka kwenda kuhakikisha, na ikawa zamu yangu kwa hiyo tukaenda wote na mablanketi.

Kwa matembezi chagua moja tu kwa siku, masaa mawili. Ujiji panatosha sana, pale ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, kuna jumba la makumbusho na miembe ya kukaa chini yake. Hifadhi ya sokwe ya Gombe msiwalazimishe wadogo, kunafikika kwa boti tu na kufata sokwe milimani kuna masharti ya umri, subirini wakue. Kibirizi, pale mwaloni kwa wavuvi, wapelekeni asubuhi waone dagaa wakianikwa, harufu watazoea.

Siku ya mwisho msipange kitu, waache wachezee mchanga, nyie funganyeni. Mkirudi andika kwenye kalenda tarehe ya miezi miwili mbele, siku hiyo familia nzima ikapime kichocho kwa sababu mapema sana kipimo kinaweza kisionyeshe, na dawa yake ipo, inapimwa kwa uzito wa mtoto. Akitokwa na damu chooni au kwenye mkojo kabla ya hapo usisubiri kalenda.

Na dagaa za kubeba nyumbani zikae kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Sisi tuliziweka kwenye begi la nguo za watoto, zimefungwa vizuri kabisa kwa mawazo yetu, na shule zilipofunguliwa mkubwa alirudi siku ya kwanza kanuna, wenzake wamemuita Kigoma mpaka saa ya kutoka.