Namna ya Kuisoma The Grapes of Wrath Bila Kuishia Njiani

Riwaya ya The Grapes of Wrath ya John Steinbeck huachwa na wasomaji wengi kabla ya familia ya akina Joad, wakulima wanaohama Oklahoma kutafuta kazi, kufika California. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba huisoma kama hadithi ya safari, wakasubiri matukio, na matukio yenyewe huja polepole. Ushauri wangu ni kwamba uisome kama daftari la matumizi: shika kalamu, na kila bei, ujira au deni linapotajwa, liandike pembeni.

Kabla ya kuanza, yafaa uelewe kilichowang'oa watu hawa. Kitabu kilitoka Aprili 1939, karibu miaka kumi baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, na katika muongo huo ukame na tufani za vumbi ziliziharibu nyanda za kati za Marekani. Tufani inayokumbukwa zaidi ni ile ya Jumapili, tarehe 14 Aprili 1935. Hata hivyo, usiikabidhi lawama yote kwa vumbi. Akina Joad wanatoka karibu na Sallisaw, mashariki mwa Oklahoma, ilhali tufani kali zaidi zilivuma magharibi mwa jimbo hilo. Wao walikuwa wakulima wapangaji, na walifukuzwa shambani kwa sababu trekta moja liliweza kufanya kazi ya familia nyingi. Sura ya 5 inalionyesha jambo hili waziwazi: anayeendesha trekta linalobomoa nyumba ni kijana wa jirani, anayelipwa dola 3 kwa siku, na mpangaji mwenye bunduki anapouliza ni nani hasa wa kupigwa risasi, jibu linapanda kutoka kwa dereva hadi kwa meneja, kutoka kwa meneja hadi benki, kisha linapotelea huko mbali mashariki mwa Marekani.

Jina la kitabu, yaani zabibu za ghadhabu, limechukuliwa katika wimbo wa Julia Ward Howe wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Aliyezoea Biblia ya Kiswahili atakumbuka shinikizo la ghadhabu ya Mungu katika Ufunuo, sura ya 14, na akisoma kwa sikio hilo hatashangaa kwamba sauti ya mwandishi mara nyingi hufanana na ya nabii.

Kitabu kina sura 30, na kati ya sura za akina Joad zimepachikwa nyingine, nyingi zikiwa fupi, ambazo hazimtaji yeyote kati yao. Hapo ndipo wasomaji wengi hukwama. Usiziruke. Ile ya 3 inamfuata kobe anayevuka barabara, na inatosha kuisoma mara moja; lakini ile ya 7, ambamo wauza magari makuukuu wanapayuka ili kuwalaghai wakulima, isome kwa sauti, kwa kuwa sentensi zake zimekatwakatwa makusudi. Ya 25 irudie mara mbili: machungwa yanamwagiwa mafuta ya taa na viazi vinatupwa mtoni ili bei isishuke, na huku watu wenye njaa wanatazama.

Kusoma kwa sauti kutakufaa pia katika mazungumzo, kwa sababu mwandishi aliyaandika maneno jinsi yanavyotamkwa na watu wa Oklahoma. Ni kama mzoefu wa Kiunguja anapokutana na utenzi wa Kiamu: jicho hujikwaa, lakini sikio likishazoea mambo hunyooka.

Sasa turudi kwenye kalamu. Andika kwanza dola 18, ambazo ndizo familia ilizopata kwa kuuza karibu kila kilichokuwa shambani. Katika sura ya 16 andika hesabu ya mtu mmoja mwenye nguo chakavu anayerudi kutoka California: mwajiri anahitaji watu 800, anachapisha vikaratasi 5,000 vya kutangaza kazi, na labda watu 20,000 wanaviona. Mashine nzima ya ujira mdogo imo katika sentensi hiyo.

Kisha ufike sura ya 26, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kitabu. Familia inachuma mapichi kwa senti 5 kwa kasha, na makasha ya kwanza yanakataliwa kwa kuwa matunda yamepondeka. Kwa makasha 20, Mama anapata hati ya dola 1, anaipeleka katika duka la shamba, na humo anakuta mkate wa senti 12 ukiuzwa senti 15. Muuzaji anamwambia aende mjini akaununue kwa bei ya huko. Petroli ya kumfikisha ingegharimu zaidi ya hizo senti 3. Nyama ya kusaga, mkate, viazi na kahawa vinaimaliza dola, na sukari inabaki rafuni. Tazama kwa makini anachofanya muuzaji baada ya kumkejeli: anatoa senti 10 zake mwenyewe kulipia sukari hiyo na kuziweka katika kisanduku cha fedha, hadi Mama atakapoleta hati nyingine. Siku chache baadaye kasha linashuka hadi senti 2 na nusu, na kalamu yako itakuonyesha kwamba dola ileile sasa inadai makasha 40.

Filamu ya John Ford ya mwaka 1940 iache hadi umalize kusoma. Ni nzuri, lakini imebadilisha mpangilio: kambi ya serikali, ambako familia inapata maji ya bomba na heshima, imewekwa baada ya shamba la mapichi, ilhali kitabuni inatangulia, na baada yake hali huzidi kuwa mbaya hadi mafuriko ya sura ya mwisho.