Somo: Kuchagua chuo cha isimu na fasihi linganishi ukiwa Dar

Vijana wanaomaliza kidato cha sita huniuliza chuo gani kizuri kwa isimu, yaani taaluma ya kuichunguza lugha. Nami huwauliza: unataka kusomea kwa lugha gani? Wengi hulipita swali hili, kisha hujuta mwaka wa pili.

Hatua ya 1: Lugha ya kufundishia
Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, isimu ina milango miwili. TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili, hufundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili hadi uzamivu (PhD). Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu hutumia Kiingereza, na Idara ya Fasihi vilevile. Kampasi ni moja, lakini masomo ni tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Soma orodha ya kozi
Jina la shahada halitoshi. Tafuta fonolojia (mfumo wa sauti), mofolojia (muundo wa maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana) na isimujamii (lugha katika jamii), kisha uliza kuhusu kazi ya uwandani, yaani kwenda kuwarekodi wazungumzaji wenyewe. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120. Mwanaisimu asiyewahi kukaa na mzee wa Kizaramo au Kindengereko akamrekodi amekosa jambo kubwa. Fasihi linganishi, yaani kulinganisha fasihi za lugha au jamii mbalimbali, mara nyingi huja kama kozi ndani ya shahada ya fasihi, kwa hiyo itafute humo.

Hatua ya 3: Ziombe tasnifu
Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Nenda maktaba ya chuo, uombe kuona tasnifu, yaani ripoti ndefu za utafiti, za wanafunzi wa umahiri (shahada ya pili) za miaka ya karibuni. Tazama mada, mwaka, jina la msimamizi, halafu fungua marejeleo mwishoni. Kama kila mada inafanana na ya mwaka juzi na marejeleo yote ni ya zamani, umeshapata jibu. Ukikuta msimamizi mmoja ameongoza kazi tatu nzuri kuhusu jambo unalolipenda, huyo mwalimu ni sababu tosha ya kuchagua chuo.

Hatua ya 4: Ithibati
Hakikisha chuo na programu vinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Mwongozo wao wa udahili una sifa za kila programu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nimesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), sina Kiswahili. Nitapata isimu?
Marahaba. Kiingereza unacho, kwa hiyo anzia programu za upande huo. Soma sifa za kujiunga mstari kwa mstari kabla ya kujaza.

Nina duka Kariakoo, mchana sitoki.
Angalia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992. Kinafundisha kwa masafa na kina idara ya isimu na fasihi. Ila jipangie saa za kusoma, maana hakuna wa kukusukuma.

Binti yangu anataka lugha lakini pia awe mwalimu.
Mzazi, mpeleke akaone DUCE, chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chang'ombe. Shahada yenye ualimu ndani yake humwondolea haja ya kurudi tena darasani kutafuta sifa ya kufundisha.

Nataka kulinganisha fasihi ya Kiswahili na ya Kifaransa, ila Kifaransa changu ni cha salamu tu.
Anza sasa, usingoje chuo. Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ipo hapa hapa Dar. Ukifika mwaka wa kwanza ukiwa unaweza kusoma hadithi fupi za Kifaransa bila tafsiri, utakuwa tayari kwa kazi hiyo.